Maji ya Bomba

Sijui nani aliwaambia wajukuu wa siku hizi kwamba maji yanajileta. Bomba la uani kwangu, hapa Masasi, linaachwa wazi mpaka bata wa jirani wanakuja kuoga, na anayekasirika ni mimi peke yangu.

Mwaka huu binti yangu alikuja na mwanawe wa kike, mdogo, bado hajaanza shule. Binti yangu ni muuguzi, alikuwa anakwenda kozi Mtwara, na alitafuta pa kumwacha mtoto. "Bado sijaamua, Baba," aliniambia. "Nakaa kwanza nikuangalie."

Kuangaliwa! Nyumbani kwangu! Nilinuna mpaka kesho yake.

Kisha mtoto akajitwisha kindoo kutoka bombani, akajikwaa mlangoni, maji yote sebuleni. Nikaruka. Mkono ulikuwa juu kabla sijajua. Mtoto alinitazama tu. Mkono kama ule hajui ni wa nini. Aliyejikunja na kukinga kichwa kwa viganja ni mama yake, mtu mzima, pale jikoni, mwiko kauachia kwenye sufuria ya ugali.

Nikaushusha. Badala ya kunyamaza, nikaanza kujitetea. Nikamweleza binti yangu nilivyokulia Newala, maji yako bondeni na sisi tuko juu, unapanda mlima na ndoo kichwani. Siku niliyoanguka nayo mlangoni, baba alinipiga mpaka sikio la kushoto likaziba, na halijazibuka. Sikuwahi kumwambia mtu.

Binti yangu alisikiliza huku akisonga. "Pole, Baba. Lakini mimi ulinipiga kwa sababu ya maji ya bomba."

Alisema kweli. Hata utotoni mwake bomba lilikuwa palepale lilipo leo.

"Babu," mtoto akadakia, "na wewe ukimwaga, nani anakuchapa?"

"Hebu nyamaza!" Kisha nikamgeukia mama yake. "Nilikosea, mama. Hata wewe nilikukosea."

Aliendelea kusonga.

Nikampeleka mtoto bombani. Nikachuma majani mapana, nikayaosha, nikayalaza juu ya maji ndooni ili maji yasirukeruke. Ndivyo walivyofanya wanawake wa Newala, na bibi yangu alinionyesha baada ya kile kipigo. Wanangu sikuwahi kuwaonyesha; niliona fimbo inatosha. Mtoto akajitwisha, akamwaga kidogo mlangoni palepale. Nikauma meno.

Siku ya safari, begi la mtoto lilikuwa limefungwa kwenye bodaboda pamoja na la mama yake. Sikumwomba amwache. Binti yangu akafungua kamba, akaliweka la mtoto miguuni pangu.

"Nitapiga simu kila siku. Nitaongea na yeye, si na wewe."

"Sawa, mama."

Bodaboda ikaondoka. Uani maji yalikuwa yanamwagika, hakuna aliyejali. Nikaenda kulifunga bomba mwenyewe.