Matawi Niliyoyarudisha Msituni

Siku moja ninayoikumbuka hadi leo, mwanangu, ni ile niliyosafisha msitu. Usicheke. Nilikuwa nasomea misitu Ufini, na chuo kilinipeleka kwa Bi Aino, mama mtu mzima mwenye shamba la misonobari, nijifunze kazi. Ripoti yake ndiyo ingeamua kama nibaki masomoni au nirudishwe Maskati mikono mitupu.

Alikuwa amevuna sehemu ya msitu. Magogo yameshachukuliwa, matawi yametapakaa chini. Na mimi bibi yako alinilea kwa ufagio. Uwani pakionekana jani, chai hupati. Basi Bi Aino alipokwenda mjini nikashika reki, nikakokota matawi yote hadi barabarani. Kipande kimoja nikakikwangua mpaka udongo ukabaki mtupu. Nilijiona mtu!

Aliporudi aliyatazama matawi kule barabarani. Kisha akapiga magoti mahali ambapo reki haikufika, akafunua ardhi kwa vidole. Niliona nyuzi nyeupe za kuvu zimeshikana na mizizi, na vidudu vidogo mno.

"Hawa ndio wapishi wangu," akasema. "Kwa baridi ya huku, jani huchukua miaka kuoza, na udongo wetu ni mchachu tangu asili. Chakula kingi cha miti kimo kwenye majani na vitawi. Ukivihamisha vyote, uchachu unazidi na hawa wanakufa njaa. Miche nitakayopanda itakula nini?"

Nilishikwa na aibu. Nikamwambia naenda kufunga sanduku.

"Sanduku la nini? Matawi bado yako barabarani. Yarudishe."

Siku tatu nilibeba, mgongo ukiniuma, na Bi Aino akibeba pamoja nami. Kwenye ripoti aliandika kosa langu bila kulipunguza, na chini yake akaandika kuwa nimelirekebisha kwa mikono yangu. Nikabaki. Kile kipande nilichokikwangua hakikupona. Hadi naondoka, miche yake ilikuwa mifupi na ya manjano. Nilipomsimulia bibi yako, alicheka mpaka akashika mbavu: "Mwanangu, mie nlikwambia ufagie uwani, sikukwambia ufagie dunia!"

Kila nikimkumbuka Bi Aino nashukuru. Kazi niliyoifanya, nyumba hii, hata masomo yako, vyote vilipitia mikononi mwake.

Sasa jana umeniambia kuwa mfanyakazi wenu wa bustani kule Mabela ameunguza miche kwa kuzidisha mbolea, na leo utasaini barua ya kumfukuza. Kabla hujasaini, nenda ukapige magoti naye pale kwenye udongo. Mwoneshe alichoharibu, mpe kazi ya kukitengeneza, nawe ushike jembe. Na wewe mwenyewe usiondoe kitu kabla hujajua kinamlisha nani. Baba yako ni mtu ambaye hakufukuzwa.

Mwenyezi Mungu akujaalie watu wa kukuvumilia, na akupe moyo wa kuwavumilia wengine. Amin.