Mzazi Hadaiwi Sahani

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Nakusimulia leo kwa sababu nimekusikia ukisema kwamba yule mama mgeni wa chumba cha chini "anajitenga".

Wakati huo nilikuwa nimeolewa karibuni, nikiishi na mama mkwe wangu, Bi. Zuhura, orofa ya juu ya nyumba moja ya Malindi. Chumba cha uani alipanga Neema, kijana wa Shinyanga aliyemfuata mumewe. Mume alikuwa mpishi wa hoteli huko Kiwengwa, mbali na mji, akija nyumbani mara mojamoja. Neema alikuwa na mtoto anayejifunza kutembea, kisha akajifungua mwingine.

Wanawake wa nyumba ile walifanya ada. Huyu alipeleka uji wa pilipili manga, yule mchuzi wa kuku, mwingine mkate wa kumimina. Halafu wote wakaacha kwenda. Nikamuuliza jirani yetu Bi. Asha kulikoni, akabetua mdomo.

"Tushampelekea vyakula, hata sahani moja hajarejesha. Hana adabu yule. Mimi nshakoma!"

Unajua kwetu chombo cha jirani hakirejeshwi kitupu. Utatia japo ndimu mbili. Basi kwa hilo tu, mzazi akasuswa!

Asubuhi moja Bi. Zuhura alisikia kitoto kinalia, hakinyamazi. Akanishika mkono tukashuka. Alipiga hodi, wala hakungoja karibu. Neema alikuwa amekaa sakafuni, kichanga mapajani, midomo imempauka. Nyuma ya mlango zilipangwa sahani zote, zimeoshwa zikatakata.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe kwa vyombo," alisema. "Niliambiwa ni aibu kuvirudisha vitupu, na mimi sina cha kutia. Hata kusimama jikoni siwezi."

"Marahaba, mwanangu. Nani anakukanda kwa maji ya moto?"

"Hakuna."

"Unazungumza na nani humu?"

"Na redio," akasema, na hapo ndipo alipolia. "Mume wangu akipiga simu namwambia tuko salama. Maziwa yamenikauka, bibi. Kuna asubuhi natamani nisingeamka."

Bi. Zuhura, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alitoka uani akaita nyumba nzima.

"Mtu kazaa, hana mama hapa, hana dada, hana wa kumtilia maji, nanyi mwamdai sahani! Angekufa mngejaa uani humu mkilia. Yu hai ndo mnamkimbia?"

Bi. Asha alikwenda kuteleka maji ya kumkandia. Mimi nilimbeba yule mtoto mkubwa nikapanda naye juu, mama yake akalala. Kuanzia hapo hakukupita siku bila mtu kukaa naye, na polepole maziwa yakarudi, na maneno pia.

Lakini hasira yangu haijapoa, mwanangu, kwa sababu wale walikuwa watu wema. Walifunga, walisali, walijua ada zote, wakamwacha mwanamke akauke hatua chache kutoka majikoni mwao. Adabu gani hiyo isiyomuona mtu? Na leo nakusikia wewe, niliyekulea mwenyewe, ukisema yaleyale!

Basi nisikilize. Usingoje mgeni akuite. Hajui amwite nani. Usimuulize katoka wapi wala anasali wapi. Muulize nani anamshikia mtoto akitaka kuoga. Ukimuuliza hali akakujibu "nzuri tu", usiridhike, kaa kitako. Na kesho uende tena, hata kama leo hakukuchangamkia, maana aliyezoea upweke hujifunza kukataa watu.

Mola akupe uzazi mwema, na siku utakapokuwa nchi ya watu na mtoto mkononi, akuletee mtu wa kuingia kwako bila kuitwa. Sasa inuka ushuke. Kichanga cha mama yule wa chini kinalia tangu tulipokaa hapa, na sote wawili tunakisikia.