Safu ya Baba

Mzungu yule aliponiambia kwamba yeye si Mwingereza, nilianza kumshuku hapo hapo. Nilikuwa mwalimu wa kike katika shule ya misheni, Korogwe, miaka ile Mwingereza bado anatutawala, na kila Jumamosi padri aliniachia ufunguo wa kabati la madaftari ya ubatizo. Mgeni huyu alikuwa fundi mkuu wa mitambo kwenye shamba la mkonge la jirani. Alisema kwao ni Welisi, nchi ya milima na mvua kando ya Uingereza. Nikajiuliza, Mzungu anayewakana wenzake wanaotawala anaficha nini?

Alitaka daftari la zamani, la enzi za Mjerumani. Kwa Kiswahili chake cha shambani, kile cha kuamrisha hata anapoomba, alieleza kwamba kwao majina ya ukoo ni machache mno, kijiji kizima huweza kuitwa jina moja. Kwa hiyo anayetafuta wazee wake hupekua madaftari ya kanisa ukurasa kwa ukurasa, akiangalia pia jina la nyumba waliyoishi. Alikwisha kuwapata wote isipokuwa mmoja, ndugu wa babu yake, seremala aliyekuja huku kujenga kanisa akafa kwa homa. Barua yake ya mwisho ilitaja mtoto wake wa kike aliyebatizwa hapa.

Nilimsikiliza kwa uso mkavu. Mwaka ule wapimaji wa ardhi walikuwa wameweka mawe ya mipaka hadi ukingoni mwa shamba la mama, kijijini Kwamndolwa, na hakuna aliyetuambia ni ya nini; tulihofia mkonge utatumeza. Leo mtu wa mkonge anakuja kuuliza nani kazaliwa na nani! Machale yakanicheza.

Akatoa picha. Mwanamume mwembamba amesimama mbele ya ukuta usioezekwa, msumeno mkononi, masikio makubwa yamechomoza pande zote mbili. Niliyajua masikio yale. Mama alikuwa nayo, na mimi ninayo. Ndiyo maana tangu usichana sikutoka nje bila kitambaa kichwani.

Nilipokabidhiwa ufunguo mara ya kwanza, mama aliniomba jambo moja tu: nimwangalizie nani ameandikwa baba yake. Bibi alikufa bila kumtajia, na watu walimcheka utoto wake wote kwa weupe wake. Nilikuta jina la mjomba wake wa Handeni, kaka yake bibi. Mwalimu wa dini aliyeandika alikuwa Mzigua kama sisi, na kwetu mjomba ana kauli kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Alipofika kwenye safu ya baba, akamwandika yule aliyemleta mtoto na ambaye angemlea, wala hakuona kosa. Mama aliposikia alisema, "Basi," akaendelea kupepeta mahindi.

Kwa hiyo nilimfungulia Mzungu daftari bila wasiwasi. Alipitisha kidole chini taratibu, safu ya baba ikiwa imejaa majina ya Kizigua na Kishambaa, hata moja la kwao hakuna. Kidole kilipita juu ya jina la mama yangu.

"Hakuna," akasema.

"Kitabu ndicho hicho, bwana."

Aliniambia mkataba wake umekwisha, Ijumaa anapanda treni kwenda Tanga kushika meli. Akaniachia karatasi yenye anwani yake, endapo kitu kingepatikana. Hata anwani niliishuku. Nikaiwashia moto wa chai.

Nilikaa kimya hadi Jumamosi, treni imeshapita. Ndipo nikaenda Kwamndolwa kujigamba. Nilimhadithia mama yote, jinsi nilivyomzuga yule bwana, jinsi nilivyolinda shamba letu. Nilicheka peke yangu.

Mama aliweka ungo chini.

"Alikuwa na picha?"

"Alikuwa nayo."

"Ukaiona?"

"Niliiona, mama."

"Yukoje?"

Niliitazama picha ile kama askari anavyotazama cheti cha mtu, nikitafuta hila. Sikukumbuka macho wala mdomo. Nilikumbuka msumeno, ukuta na masikio. Aibu ilinishika, na nilitamani mama anipige.

"Masikio," nikasema. "Yalikuwa kama yetu."

Hakunigombeza. Alijifuta unga mikononi kwa upindo wa khanga, akasogeza kigoda chake karibu nami, mahali penye mwanga.

"Vua kitambaa, mwanangu," akasema. "Nimtazame."