Makapi ya Juu

Darasa la nne nililiacha katikati, na nyumba yangu ya Kizwite nimeijenga kwa matofali niliyoyachoma mwenyewe. Mambo ya upepo nayo sikufundishwa na mtu. Ukipepeta ulezi alfajiri unajisumbua, upepo bado umelala. Subiri jua lipashe ardhi, mnamo saa nne, ndipo unaamka. Kiangazi unatoka mashariki; masika hauna msimamo.

Kwa hiyo binti wa marehemu mdogo wangu alipotoka chuo kikuu akaomba kusimika nguzo tano katika shamba langu la Mpui, apime upepo kwa mwaka mzima, nilikubali, lakini nilimwonea huruma. Nguzo zilikuwa fupi, zina vyuma vilivyopishana juu na waya unaoingia kwenye sanduku. Hakuna hata kitambaa. Nikaona wasomi wamesahau. Alipoenda mjini nikachana kanga kuukuu, nikafunga kipande kwenye kila nguzo.

Aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. "Baba mkubwa, upepo ninaoutafuta haufiki kwenye vitambaa vyako."

Akanieleza kwamba uko juu, mbali kama barabara ya kutoka Sumbawanga mjini hadi Laela, kama ungeweza kuisimamisha wima. Huko hakuna jani wala vumbi. Sasa anauonaje? Akasema vimondo vinaungua huko kila saa, hata mchana tusipoviona. Kila kimoja kinaacha mstari, upepo unauchukua, na nguzo zinapiga mlio tusiousikia, unagonga mstari ule na kurudi, kama sauti kwenye korongo. Jua ndilo linalousukuma upepo huo kila siku, na majira yakibadilika nao unageuka. Kwamba jua ndilo linaloamsha upepo nilikuwa najua. Hayo mengine nikamwachia mwenyewe, nikaenda kufungua vitambaa vyangu.

Novemba ikaisha bila mvua. Watu wakasema nguzo zinaifukuza, wakatoa siku: Jumapili baada ya misa zing'olewe. Binti hakula. Mgeuko aliokuwa akiungoja ni wa Machi. Nguzo zikitoka sasa, mwaka wake unakatika na kazi yote bure.

Jumapili wakaja, mbele yao jirani yangu wa shambani, bibi mmoja anayepepeta vizuri kuliko mimi, ingawa sijawahi kumwambia. Binti akaanza kueleza kwa maneno ya chuo. Nikamwambia akae. Nikampa bibi ungo.

"Dada, ukirusha ulezi, ungo wako ndio unaoleta upepo?"

"Ungo ulete upepo? Umezeeka vibaya wewe."

Watu wakacheka. Nikamwuliza anajuaje kama upepo umegeuka.

"Naangalia makapi yanakokwenda."

"Na huyu anaangalia makapi. Ya juu sana. Nguzo zake hazipulizi kitu, zinasikiliza."

Bibi akamgeukia binti, akamwuliza mvua itanyesha lini. Hapo niliogopa. Niliona atadanganya ili awafurahishe.

"Sijui, bibi. Upepo wangu uko juu mno, mawingu hayafiki hata robo ya njia. Ningejua, ningeanza kukwambia wewe."

Bibi akaugeuza ungo mikononi. Akasema msomi anayeweza kusema sijui aachwe amalize mwaka wake. Nguzo zikabaki.

Mvua ilikuja ilipotaka yenyewe. Machi binti alinifungulia kompyuta, akanionyesha mstari ulioshuka, ukavuka ule wa katikati, ukaenda upande wa pili. "Umegeuka," alisema. Mtoto wa mdogo wangu ameona upepo ukigeuka mahali asipofika ndege yeyote. Mimi nimejenga nyumba. Kitu kama hicho sijajenga.

Sasa anataka miaka kumi na moja, maana jua nalo lina miaka ya ukali na ya upole, na anataka kujua kama upepo ule unaifuata. Nimemwambia shamba lipo, hata nikiwa mimi sipo.

Juni, tukipepeta ulezi, bibi alimwuliza upepo wa juu leo unaelekea wapi. Akaambiwa mashariki. Akarusha ulezi, akayatazama makapi yake yakienda magharibi.

"Basi wamegombana," alisema, akainama kuchota tena.