Uji wa Mwakio

Tangu Jumamosi, nikiona mama yeyote wa kanisa letu la Sagalla nakata kona. Aibu niliitafuta mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu, Mmarekani, alituletea shuleni Voi mchezo wa besiboli unaochezwa mezani kwa kadi na dadu. Kila kadi ni mchezaji. Mtupaji wa akiba, anayeingia kutupa mpira mwenzake akichoka, ukimtumia mfululizo naye anachoka, na timu inashindwa. Mimi nilikuwa na mmoja tu wa kutegemewa. Nikampa jina la Mwakio, nikamtumikisha bila huruma.

Mke wangu akauliza mbona siku hizi nachelewa kurudi.

“Ni Mwakio wa pale shuleni,” nikasema. “Amechoka hata mkono hauinuki. Siwezi kumwacha.”

“Maskini! Ana mke?”

“Hana.”

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikaomba chai.

Jumamosi nilikuwa shuleni na Mmarekani, nimeinamia meza naibembeleza kadi, “Vumilia ndugu yangu, mara hii tu,” mlango ukafunguliwa. Mke wangu akaingia na akina mama wa kanisa. Walikuwa wameteremka mlima kwa miguu na uji wa moto, tena na mtungi wa maji ya kumwogesha mgonjwa, maji ambayo kwetu hata ya kunywa ni shida.

“Baba Mkamburi, mgonjwa yuko wapi?” mke wangu akaniuliza.

Mmarekani, kwa moyo safi kabisa, akainua kadi kwa vidole viwili.

“Mwakio? Ndiye huyu, mama.”

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja, mkongwe kuliko wote, alikuwa ameshapiga magoti kumwombea.