Sauti Yangu Ilimtangaza Mama Nikiwa Dukani

Habari ya kifo cha mama yangu niliipata kutoka kwangu mwenyewe.

Sisemi kwa mafumbo. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, nimesimama dukani kwa maman Chadia, mtaani kwetu Cimpunda, nikinunua sabuni. Redio yake ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.

Sauti ilikuwa yangu.

Maman Chadia akaitazama redio, akanitazama mimi.

"Papa Ignace, ni weye unasoma kule, na tena uko hapa?"

Sauti ilikuwa imefika kwenye jina: maman Françoise, wa kijiji cha Miti. Maziko leo saa nane.

Huyo ni mama yangu.

Nilisoma matangazo ya vifo redioni miaka kumi na minane. Nilikuwa na kanuni moja: sitaji jina la marehemu kabla sijahakikisha kwamba watoto wake wameambiwa. Nilipiga simu mwenyewe. Na sikuwahi kutetemeka hewani. Watu walinisifu kwa hilo.

Mwaka jana directrice wetu, mkuu wa redio, Priscille, aliniomba nisome maneno siku tatu mfululizo ili mashine ijifunze sauti yangu. Itanisaidia siku nikiugua, alisema. Tangu benki zifungwe kwa sababu ya vita, matangazo ya biashara yalikuwa yamekauka, nikaona si wakati wa kubisha. Nikasaini.

Mwezi uliofuata nikaambiwa nipumzike nyumbani, nitaitwa.

Wa nyumbani kule Miti sikuwaambia kwamba sina kazi. Walikuwa wananisikia redioni kila siku, ningeanzia wapi?

Nilipanda pikipiki. Barabara ya Kavumu ilikuwa matope na vizuizi. Nilifika saa tisa na robo. Watu walikuwa wanaosha majembe.

Mdogo wangu Bulonza hakusimama kunisalimu. Nikamuuliza kwa nini hakunijulisha.

"Nilikuandikia jana asubuhi, yaya. Na ulinijibu." Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Akanipa simu yake. Alikuwa ameandika kwenye namba yangu, ile pekee waliyokuwa nayo. Lakini namba ile ilikuwa ya kazi. Nilipoondoka, simu ilibaki redioni na majina ya ndugu zangu wote ndani yake, hata la mama na kijiji chake, na siku hizi ujumbe unaoingia unasomwa na mashine na kugeuzwa tangazo.

"Yaya, mama alikufa. Kuya mbio. Kesho saa munane tunamuzika, tunakungojea."

Chini yake, jibu:

"Tangazo lako limepokelewa. Pole kwa familia."

Nilimweleza habari ya mashine, kwa utaratibu, tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Batu bote balikusikia, mara ine tangu jana. Ulisoma jina ya mama sawa vile unasoma bei ya sombe ku soko."

"Si mimi."

"Basi iko sauti ya nani?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikajua nitasikika vilevile kama redioni. Nikamrudishia simu yake.

Nilimwomba Priscille aiondoe sauti yangu. Hakubishana nami. Alinionyesha sahihi yangu tu. Miti nimekwenda mara mbili tangu hapo. Hakuna aliyenitolea kiti.

Soma kabla hujasaini: hilo mnalijua, nami nililijua. Ila ukipoteza kazi, waambie wa nyumbani siku hiyo hiyo. Aibu ile ingekwisha kwa wiki moja.

Hii ya sasa inasomwa hewani kila siku, saa sita na nusu, kwa sauti yangu.