Mvua Ilipofunika Dozi

Siku yangu ya kwanza kazini haikuwa na mshahara wala kiti changu mwenyewe. Ilikuwa siku ya mtihani, na mtihani wenyewe nilianguka. Nawaambieni mapema, ninyi vijana mnaosemea simu na maneno yakajiandika, msije mkadhani huyu mama alizaliwa ameketi mbele ya tapureta.

Ilikuwa miaka ya tisini, mjini Migori. Kliniki moja ya kibinafsi ilitafuta mchapaji wa ripoti za madaktari. Kazi yetu ilikuwa hivi: daktari akimaliza kumwona mgonjwa husemea kaseti, nasi tunaisikiliza na kuichapa ili iingie kwenye faili. Chini ya meza kulikuwa na pedali. Ukiikanyaga kwa mbele kaseti inakwenda, ukiinua mguu inasimama, ukikanyaga kwa kisigino inarudi nyuma, na mikono haiondoki kwenye tapureta. Nilikuwa hodari, sioni haya kusema. Vidole vyangu vilikulia Karungu, ufukweni mwa ziwa, vikichambua omena, wale dagaa wadogo, na herufi si ndogo kuliko omena.

Chuoni nilifunzwa amri moja kuu: usichosikia usikiandike. Rudisha kaseti tena na tena. Ukishindwa, acha nafasi tupu, weka alama ya penseli pembeni, kisha mwendee daktari umwulize. Katika kaseti ya mtihani ule wa Migori lori lilipita dirishani daktari akiwa katikati ya sentensi, nami nikaacha nafasi. Karani Mkuu, mzee wa tai pana, aliinua karatasi yangu kwenye mwanga.

"Hii shimo ni ya nini?"

"Lori lilipita, mzee. Sikusikia. Nilitaka nimuulize daktari."

"Daktari ni mtu busy. Hapa hatuandiki mtu wa kusumbua daktari. Next!"

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Mama, aliyenilipia chuo kwa kuuza omena, hakunigombeza. Alisema tu, "Nyathina, mwanangu, jaribu hiyo kazi ya Homa Bay. Ukikosa, rudi tuanike omena." Siidharau omena, ndiyo iliyonilea. Lakini nilikwisha onja tapureta, na niliogopa kurudi ufukweni kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Homa Bay ilikuwa hospitali ya misheni. Msimamizi wa Rekodi, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alitupima sisi waombaji kasi kwanza, kisha majina ya magonjwa na dawa, mwisho kaseti. Sauti ilikuwa ya daktari kijana akieleza habari za mtoto mwenye nimonia. Alipofika kwenye dozi ya sindano, mvua ikashuka humo humo kwenye kaseti, juu ya mabati ya ofisi yake, ile mvua ya ziwani isiyobisha hodi, na sauti ikazama. Ilipoibuka, alikuwa tayari anazungumzia matibabu ya kesho yake.

Nikakanyaga kisigino, nikakanyaga tena. Mvua tu. Kando yangu dada mmoja kutoka Oyugis alikuwa amemaliza na kukunja mikono. Dozi ya kawaida niliijua, tuliikariri chuoni. Kuiandika ilikuwa kufumba na kufumbua. Nilimkumbuka yule Karani Mkuu na tai yake, nikamkumbuka mama na vyandarua vya kuanikia omena. Kisha nikamfikiria yule mtoto. Yeye hakuja kufanya mtihani. Nikaacha nafasi, nikaweka alama yangu ya penseli.

"Nyar Karungu," Msimamizi aliniita, yaani binti wa Karungu, alipofika kwenye karatasi yangu, "mbona umeacha hapa?"

"Mvua, mama. Sikusikia."

"Wenzako wote wamejaza."

"Labda masikio yao inashinda mvua. Yangu hapana. Naomba nimuulize daktari mwenyewe."

Alinitazama juu ya miwani, nikajua nimekwisha. "Yuko wodi ya watoto," akasema. "Enda."

Nilimkuta daktari akiandika kando ya kitanda. "Pole kukusumbua, daktari. Kwa ile kaseti ya mtihani, dozi ya mtoto ilikuwa ngapi?"

Alikuna kichwa. "Hata mimi sikumbuki. Wacha tuangalie faili."

Tukaangalia. Mtoto alikuwa mwepesi mno kwa umri wake, akapewa chini ya dozi niliyoikariri. Nilirudi nikaichapa mahali pake. Msimamizi aliisoma, akaniambia, "Jumatatu saa mbili. Usichelewe." Mama aliposikia alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nimeposwa.

Nilifanya kazi hapo, nikapelekwa Migori kufungua ofisi ya rekodi, nikarudishwa Homa Bay kuisimamia. Kaseti zikaondoka, tapureta zikafunikwa vitambaa. Daktari yule akapanda hadi akawa Mganga Mkuu, nami sikuacha kumgongea mlango. "Umekuja tena, mama?" alikuwa akilalamika, huku akivuta faili.

Nilipostaafu alirekodi kwa simu maneno ya kuniaga, akampa binti niliyemfunza kazi ayachape. Binti akanijia na karatasi.

"Mama, anasema 'huyu mama kwa miaka yote,' halafu ni mvua tu. Niandike 'alifanya kazi kwa bidii'?"

Sifa ni tamu, na hii ilikuwa yangu. Nilitamani sana kusema ndiyo.

"Ulisikia hivyo?"

"Hapana."

"Basi enda umuulize mwenyewe."

Alirudi akijizuia kucheka. "Amesema ni 'alinisumbua.' Na amesema nisibadilishe."

Karatasi hiyo iko ukutani kwangu, Karungu: *Huyu mama kwa miaka yote alinisumbua.* Wageni wakiisoma hunipa pole. Mimi huwakaribisha chai, nikawaambia waisome tena.